Kikundi cha kutembelea wazee wenye ugonjwa wa kusahau: namna ya kukianzisha kijijini kwako

Kila Desemba, wenzetu wakishapanda kutoka Dar na kwingineko kuja kula Krismasi nyumbani, simu yangu haitulii. "Nimemkuta mama ananiita jina la shangazi, tufanye nini?" "Tunataka kuanzisha kikundi, tuanze na nini?" "Lazima tujisajili?" "Fulana tuchape wapi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, ndiyo maana nimeandika yote hapa. Za fulana, subirini kwanza.

Ninachoeleza ni cha vijiji vya Hai, huku mlimani Kilimanjaro, kwa sababu ndiko tunakofanyia. Ukiwa Zanzibar, pale nilipoandika mwenyekiti wa kitongoji weka sheha. Ukiwa Dar, weka mjumbe na mwenyekiti wa mtaa. Mengine utayarekebisha mwenyewe.

Jambo moja lishike kabla hujasoma zaidi: nyumba mnayokwenda ina watu wawili wa kuhudumiwa. Kuna mzee anayesahau, na kuna anayemuuguza, mara nyingi binti au mkwe, ambaye hajalala usiku mzima tangu mwaka juzi. Kikundi kinachomwona mzee peke yake huishia kuimba, kupiga picha na kuondoka.

Ugonjwa wenyewe, kwa kifupi

Madaktari wanauita demenshia. Ubongo unaharibika polepole: kumbukumbu za karibuni zinakwenda kwanza, kisha hesabu, njia, maneno, na mwisho hata kuvaa na kula. Aina inayoongoza ni Alzheimer. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya kichwani, hasa kwa wenye shinikizo la damu au waliopata kiharusi. Dawa ya kuuponya haipo. Si laana, wala si uchawi, na si kweli kwamba kila mzee lazima aupate. Utafiti uliofanyika hapa hapa wilayani Hai na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na kuendelea wanao. Kitongoji chenye wazee 50 wa umri huo, tafuta watatu. Wapo, ila wamefungiwa ndani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Watu wanne hadi sita wanaoishi umbali wa kutembea kwa miguu. Mkihitaji bodaboda kila ziara, mwezi wa pili mtabaki wawili.
- Angalau wawili kati yao wawe wanajua lugha ya nyumbani ya wazee. Huku ni Kimachame, yaani Kichagga cha upande huu. Ugonjwa ukikolea, mara nyingi lugha ya shule na ya kazi ndiyo hutangulia kuondoka. Tuna babu aliyekuwa karani wa chama cha kahawa, Kiswahili chake kilikuwa cha kunyooka kama rula. Leo amebakiwa na Kichagga cha mama yake tu.
- Kaunta buku moja na kalamu.
- Namba za simu za zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwenyekiti wa kitongoji, afisa ustawi wa jamii, na bodaboda wawili mnaowaamini.
- Siku moja ya wiki isiyogombaniwa. Siku ya soko msiiguse. Yetu ni Jumanne.
- Hela kidogo ya vocha na sabuni. Sisi tulianza kwa kuchanga elfu mbili mbili.

Usajili? Kutembelea jirani hakuhitaji cheti. Siku mtakapotaka kufungua akaunti au kupokea fedha za mfadhili, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii awaelekeze.

Hatua kwa hatua

1. Ombeni mlango kwa viongozi. Anzeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha ofisi ya mtendaji wa kijiji, mpate barua fupi ya utambulisho. Halafu mchungaji, paroko au imamu, kwa sababu wao ndio wanaojua ni mzee gani hajaonekana ibadani tangu lini. Usiruke hatua hii kwa kudhani mnafahamika. Mnaingia nyumba ya mtu ambaye jioni hataweza kueleza ni nani alikuja mchana. Siku kijiko kikipotea, mtatajwa ninyi.

2. Wachujeni wanaojitolea. Wengi watakuja siku ya kwanza, hasa wakisikia kuna semina. Mnayemtaka ni yule anayeweza kukaa saa nzima bila kushika simu. Aliyewahi kuuguza mzazi anafaa kuliko mwenye cheti. Nendeni wawili wawili, daima. Na wote wakubali masharti haya kwa sauti, mbele ya wenzao: hatupokei hela ya mzee, hatushiki kadi yake ya benki wala namba yake ya siri ya simu, hatuweki picha yake mtandaoni, hatutii sahihi popote.

Hilo la sahihi tulijifunza kwa maumivu. Mwaka wetu wa kwanza, mama mmoja wa kikundi alikuwa akimmenyea bibi chungwa barazani. Akaja mpwa wa bibi na karatasi iliyokunjwa mara nne pamoja na kidau cha wino. "Mama, wewe shuhudia tu, ni ya mambo ya ukoo." Bibi akaweka dole gumba huku akitabasamu, angeweka hata kwenye karatasi ya sukari. Mwenzetu akaandika jina lake chini. Baada ya miezi minne aliitwa baraza la kata kueleza ni vipi alishuhudia nusu ya kihamba, shamba la ukoo, ikiuzwa na mtu asiyejua leo ni siku gani. Ikitokea karatasi, simama, sema una haraka, na umpigie mwenyekiti wa kitongoji.

3. Anzeni na nyumba tatu. Hata kama orodha ina kumi na tano. Nyumba tatu kila wiki kwa mwaka mzima ni kazi kubwa kuliko inavyosikika. Mkianza na kumi na tano mtakwenda mara mbili kisha mtawavunja moyo, na mlango uliofungwa kwa sababu hiyo haufunguki tena upesi.

4. Keti na anayeuguza kwanza, bila mzee. Chini ya mgomba, jikoni, popote. Usianze na mgonjwa. Anza na yeye. Analala saa ngapi? Nani humpokea? Mara ya mwisho kwenda saluni au kwenye kikao cha VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ilikuwa lini? Wengi hulia hapa. Mwache alie, usimpe aya wala mithali.

Kisha jazeni ukurasa mmoja wa mzee kwenye kaunta buku. Huu ni wa babu mmoja, nimeondoa ya kumtambulisha:

*Fundi cherehani miaka 30. Ukimwita "fundi" anageuka, ukimwita "babu" hageuki. Chai ya tangawizi, sukari hataki. Sikio la kushoto halisikii. Anaogopa mbwa. Maji ya baridi hapana. Anaamka saa tisa usiku "kwenda dukani". Jioni anamuulizia mkewe (alifariki 2011). Anapenda tenzi za zamani, anaimba sauti ya pili.*

Ukurasa huo una faida kuliko semina ya siku tatu.

5. Hakikisheni amepimwa. Si kila anayesahau ana demenshia. Sonona, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, kaswende ya muda mrefu na VVU vyote vinaweza kuvuruga akili, na vyote vinaweza kutibiwa au kudhibitiwa kwa dawa. Hata nta iliyoziba masikio humfanya mzee aonekane hajielewi. Msindikizeni anayeuguza hadi zahanati, aombe rufaa kwenda hospitali. Bebeni dawa zote anazotumia, pamoja na zile za duka la dawa. Vidonge vya mafua kama Piriton, ambavyo watu wengi huwapa wazee ili walale, huzidisha kuchanganyikiwa. Msiwaachishe dawa kwa uamuzi wenu, mwonyesheni daktari.

Familia huogopa kwamba mzee ambaye hakusoma "atafeli" kipimo. Kipo kipimo kifupi kilichotengenezwa kwa wazee wa huku Hai wasiojua kusoma wala kuandika. Sehemu yake moja ni kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kuhusu gharama, muulizeni afisa ustawi wa jamii habari ya msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo.

6. Ziara yenyewe. Saa nne asubuhi ni wakati mzuri. Jioni wengi huvurugika. Ingia kwa mbele, aone uso wako, usimtokee mgongoni. Piga shikamoo, kaa chini kidogo ya macho yake, taja jina lako na la mzazi wako. Kila wiki, upya, kama mara ya kwanza.

Kosa namba moja la wageni ni swali hili: "Bibi, unanikumbuka?" Wanaliuliza kwa upendo, na ni mtihani. Nimemwona bibi akiulizwa hivyo na mjukuu aliyetoka mjini na zawadi ya kanga. Alitazama kanga, akatazama mlango, mikono ikaanza kukunja na kukunjua pindo la gauni. "Nakukumbuka," akasema, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu. Siku nzima hakula. Wiki iliyofuata mjukuu alikuja akasema, "Shikamoo bibi, mimi ni mtoto wa binti yako wa tatu, nimekuletea ndizi za mtori." Bibi akauliza kama zimekomaa. Wakaongea kuhusu ndizi nusu saa.

Mengine kwa ufupi: sentensi moja kwa wakati. Swali liwe la kuchagua, "chai au maziwa?", si "utapenda nini?" Ukiuliza, subiri, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Akisema leo ni mwaka wa Uhuru, usimrekebishe, muulize walicheza ngoma gani. Usimsemeshe kama mtoto mchanga, na usimjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Anasikia. Hata akisahau ulichosema, kile kidonda cha kudharauliwa hukaa naye mpaka jioni.

7. Mpe mikono kazi. Mzee aliyelima kahawa miaka hamsini hataki kutazama televisheni. Mpe maharage achambue, mahindi apukuchue, nguo akunje. Akichanganya maharage mabovu na mazima, utayachambua tena ukifika jikoni, yeye asione. Nyimbo ni dhahabu: watu wasiojua majina ya watoto wao huimba beti nne bila kukosea.

Mkipata wazee watano au sita ambao bado wanaongea vizuri, jaribuni vikao vya pamoja vya kuchangamsha akili. Utaratibu huo ulianzia Uingereza: vikao 14, mara mbili kwa wiki kwa wiki saba, kila kikao na mada yake, kama chakula, utoto, sauti, fedha. Ulijaribiwa hapa Hai kwa kubadilishwa ufanane na maisha ya huku, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuwa ya kutia moyo. Sisi kwenye kikao cha fedha tulipitisha sarafu za zamani mkononi. Mzee mmoja aliyekuwa kimya wiki mbili alitaja bei ya mkungu wa ndizi, ya debe la mahindi, na ya bia. Hiyo ya bia aliirudia.

8. Mtoeni anayeuguza nje ya geti. Hii ndiyo kazi kuu na ndiyo inayosahaulika. Mmoja wenu anakaa na mzee, wa pili anahakikisha mwuguzaji anaondoka kweli kwa saa mbili. Akibaki ataanza kuwapikia chai, nanyi mtakuwa mmemwongezea kazi. Kwa hiyo hatunywi chai tunapokwenda. Najua kwa mila zetu kukataa chai ni kama kutukana. Tumeeleza mapema, na wamezoea. Mara za kwanza hatakwenda mbali, atasimama njiani akitazama nyuma. Mwezi wa pili atakwenda sokoni. Tuna mkwe mmoja ambaye saa zake mbili hulala tu, kwa jirani, mlango umefungwa.

9. Pangeni ya kupotea kabla hajapotea. Huku mlimani hatari ni mifereji, makorongo na baridi ya usiku. Mwekeeni kwenye mfuko wa ndani kipande cha kitambaa kilichoshonewa namba ya simu. Karatasi hufuliwa, na bangili wengine huzivua. Wekeni picha yake ya karibuni kwenye simu ya mwenyekiti na kwa bodaboda wa kijiweni. Akipotea, tafuteni kwanza alikokuwa akienda zamani: shambani, kazini, nyumba aliyozaliwa. Yule fundi tumemkuta mara tatu kwenye njia ile ile ya kwenda stendi ya Bomang'ombe, ana tepu ya kupimia shingoni. Msisubiri kuche, mkimkosa kwa nusu saa, pigeni simu.

10. Kutaneni mara moja kwa mwezi. Someni daftari, semeni lililowashinda. Aliyechoka apumzike mwezi mmoja bila kuaibishwa. Mwenzetu aliyeacha mwaka juzi hakuwa mvivu, alikuwa anaona mama yake mwenyewe kwa kila bibi aliyemtembelea na hakuna aliyemuuliza.

Mambo yakikwama

*Anatuita wezi.* Msibishane. "Pochi imepotea? Twende tuitafute." Ina sehemu zake za kujificha, kwa bibi mmoja ni ndani ya pipa la unga. Ziandikeni kwenye ukurasa wake.

*Anamuulizia marehemu.* Ukimwambia "alikufa", anapata msiba mpya kila jioni. Ukimdanganya kwamba anakuja, atakaa mlangoni. Muulize habari zake: "Alikuwa anapika nini ukirudi kazini?" Mara nyingi anachotafuta ni kumtaja tu.

*Hataki kuoga.* Hiyo si kazi yenu mpaka familia iombe, na awe wa jinsia yake. Maji ya moto, kanga mabegani asijione uchi, mguu mmoja kwa wakati. Akikataa, kesho ipo.

*Amebadilika ghafla, juzi alikuwa mzima kiasi.* Hapa msisubiri Jumanne. Ugonjwa wa kusahau huenda kwa miezi na miaka. Kuvurugika ndani ya saa au siku mbili ni dalili ya kitu kingine: malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, kuanguka na kuumia kichwa. Mdomo ukipinda au upande mmoja ukilegea, huenda ni kiharusi. Hospitali, saa hiyo hiyo.

*Amefungwa kamba kitandani.* Mtaliona, jiandaeni. Kabla ya kupiga kelele muulizeni mwuguzaji ni saa ngapi amefungwa na kwa nini. Kwa kawaida utasikia: "Niende kuchota maji, atoke?" Mpeni saa za kuchota maji, tafuteni komeo la geti lililo juu au lisilozoeleka. Ila mkiona vidonda, njaa au kipigo, mwambieni afisa ustawi wa jamii, hata kama familia itawachukia.

*Majirani wanasema ni mchawi.* Msilichukulie kama porojo. Bibi anayezunguka usiku akiongea peke yake, kuna sehemu za nchi hii na za pwani ya Kenya ambako wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Mleteni mchungaji au shehe, pamoja na mhudumu wa afya, waseme hadharani kwamba ni maradhi, na mwenyekiti asikie. Halafu ongezeni ziara, mchana kweupe, watu wawaone mkiingia na kutoka.

*Watoto wa mjini wanatuachia kila kitu.* Pigeni simu ya mara moja kwa mwezi, dakika tano, na ombi moja linalohesabika: pampasi za wiki mbili, au nauli ya kliniki. Wakija Desemba, msiwasute mbele ya wageni. Wapeni zamu ya usiku mmoja, yule anayeuguza akalale kwa dada yake. Asubuhi hawahitaji kuelezwa kitu.

*Mzee amefariki.* Nendeni msibani kama majirani. Ukurasa wake utoeni kwenye kaunta buku muipelekee familia. Na msifute nyumba hiyo kwenye ratiba mara moja; mwuguzaji ambaye amekuwa akiamka saa tisa usiku kwa miaka minne bado ataamka saa tisa. Sisi huendelea kwenda kwa wiki sita zaidi, Jumanne ile ile. Safari hizo chai tunakunywa.